Seneta wa Chama cha Mafundi

Suruali ndiyo iliyonipeleka kwenye siasa za Amerika. Nilikuwa mgeni Dubai, mlinzi wa ghala kule Jebel Ali, na kampuni ilikuwa imenipa sare iliyoshonewa mwanamume mrefu asiye na nyonga. Mwenzangu wa chumbani, mama wa Mombasa aliyekuwa akipaka hina katika saluni ya wanawake, alinitazama nikihangaika kuikunja kiunoni, akacheka hadi akakaa kitandani. Kisha akanishika mkono, tukateremka, tukapita maduka ya vitambaa ya Bur Dubai mpaka kwenye kiduka chembamba cha fundi mmoja Mzanzibari.

"Kampuni hiyo yakupenda, mwanangu," fundi aliniambia, ameishika suruali kwa vidole viwili. "Imekupa nguo na nafasi ya kuwahamishia ndugu zako humo humo."

Kabla sijamjibu, akainua mkono ninyamaze. Juu ya rafu ya nyuzi palikuwa na televisheni ndogo, kuukuu, iliyowafanya watu wote wawe na nyuso za kijani kidogo, na humo mwanasiasa mmoja wa Amerika alikuwa akihutubia. Fundi alimsikiliza mpaka nukta ya mwisho. "Muongo," akasema kwa furaha kubwa, akaanza kunipima kiuno.

Hivyo ndivyo nilivyoingia katika baraza la kiduka kile. Lilikaa Jumapili alasiri, mashine za kushonea zikiwa zimefunikwa, sisi tukiwa tumekaa juu ya viti vya plastiki, majora ya vitambaa na hata kizingiti. Tulikuwa Wakenya wa bara na wa pwani, Watanzania, Waganda wachache; walinzi, wapishi, madereva, mama wa hina. Fundi alikuwa Spika. Tulimwita Mzee, isipokuwa mwenzangu wa Mombasa, ambaye alimwita Ami kwa sababu pwani ndivyo wanavyomwita mtu wa rika la baba.

Watu huniuliza kwa nini Amerika. Jibu ni rahisi. Siasa za kwetu zingetugawa kabla chai haijapoa, maana Wakenya tukianza za Kenya hata Mganda hukimbia. Siasa za hapa hazikutuhusu, na mgeni mwenye akili huchunga ulimi. Za Amerika zilikuwa kama mpira wa Ulaya: timu si zetu, wachezaji hawatujui, lakini tulizishangilia mpaka sauti zikakauka. Tulikuwa na walinzi waliowajua maseneta wa majimbo ambayo wasingeweza kuyaonyesha kwenye ramani. Kura za kule zilipohesabiwa usiku wao, kwetu ilikuwa asubuhi, na watu walikwenda kazini macho mekundu kana kwamba wamefiwa.

Mzee mwenyewe hakuwahi kutabiri uchaguzi hata mmoja akapatia. Aliyemtabiria ushindi tulimhurumia mapema. Alikuwa mkali, mbishi, mwepesi wa kununa, na Kiswahili chake cha Unguja, alicholetwa nacho hapa akiwa mtoto, alikitunza kama vyombo vya bibi yake. Changu cha bara kilimkera. "Kiswahili chako ni chapati ya jana," aliniambia. "Chalika, lakini kwa taabu." Nilimpenda tangu siku ile, na nilimkasirikia karibu kila Jumapili.

Kubwa lililonikasirisha ni kanuni ya chai. Katika baraza lile hakuna aliyeruhusiwa kumnunulia mwenzake chai. Kila mtu alikuja na kikombe chake cha karaki, ile chai nzito ya maziwa, kutoka mkahawa wa jirani, na mgeni aliyetaka kuwanunulia wote alizuiwa mlangoni kana kwamba amebeba nyoka. Mimi nimezaliwa milimani, penye mashamba ya chai; kwetu, kumkaribisha mtu bila kumpa chai ni kumwambia aondoke. Nilimwambia Mzee kwamba hiyo si heshima, huo ni uchoyo.

"Waarabu wana msemo," akanijibu. "Lisha kinywa, jicho litaona haya. Nikinywa chai yako leo, kesho ukisema upuuzi nitakukatiza vipi?"

Hapo ndipo alipokuwa na raha zaidi, akitufafanulia Amerika yake. Alisema kule sheria haimruhusu mwenye kampuni kumtia mgombea pesa za kampuni mkononi. Basi wenye kampuni wakakaa, wakatafakari, wakaunda kikundi pembeni chenye jina tamu la kizalendo, na kikundi hicho ndicho kinachomwaga pesa kwenye matangazo ya kumsifu huyo huyo mgombea. Mkono wake ni mtupu, alisema, lakini nyumba imejaa. Wale watu wanaolipwa kuzunguka kwenye ofisi za wabunge wakiomba sheria ilegezwe hapa, ikazwe pale, aliwaita madalali, na sisi tuliokuwa tumepata vitanda vyetu kupitia dalali tulielewa papo hapo. "Na ukimuuliza seneta," alimalizia siku zote, "atakwambia hajanunuliwa. Na wallahi hasemi uongo. Yeye kaona haya tu."

Mwenzangu wa Mombasa hakusema neno katika mabishano hayo. Yeye alikuja na shanga. Binti yake alikuwa anaolewa, saluni ilikuwa imemnyima ruhusa kwa kuwa ulikuwa msimu wa harusi hapa pia, na alikuwa ameamua kwamba yeye asipokwenda, nguo itakwenda badala yake. Mzee alimkatia gauni la kijani la siku ya kupamba, siku ile ya wanawake pekee ambapo bi harusi hutolewa aonekane. Shanga alitaka kuzishona kwa mkono wake. Jumapili baada ya Jumapili alikaa pembeni, gauni limemwagika mapajani, sindano inapanda na kushuka, na wabunge wa Amerika wakipayuka juu ya kichwa chake. Mara moja nilimsikia akimwambia gauni, kwa sauti ya chini, "Ukifika umsalimie." Nilijifanya sikusikia, nikaendelea kutazama televisheni.

Mwisho wa kila kikao palikuwa na kipindi cha mengineyo. Hapo Amerika ilifungwa, na yeyote aliyekuwa na jambo la kuwaonya wenzake alisimama akasema: chumba fulani kina kunguni, wakala fulani ahadi zake ni upepo, duka fulani la simu linauza maganda matupu. Hatukuwa na gazeti wala redio yetu. Mengineyo ndiyo yalikuwa macho yetu katika mji huu, na nadhani wengi walivumilia maseneta kwa ajili ya hayo.

Kisha akaja mdhamini. Alikuwa Mkenya mwenzetu, mwenye kampuni ya kusafirisha mizigo kwenda Mombasa na Dar es Salaam, mtu mcheshi, mwenye manukato mazuri na kumbukumbu nzuri ya hali za watu. Mara ya kwanza alitaka kutununulia chai, akaelezwa kanuni. Hakubisha. Aliipenda, akasema, ni kanuni ya maana sana. Jumapili iliyofuata vijana wake wakaleta televisheni pana kama mlango.

"Hii si chai, Mzee," akasema, akicheka.

Na kweli haikuwa chai. Kanuni ilikataza chai, haikutaja televisheni. Mzee alizunguka lile boksi, akaligusa, akatafuta kifungu cha kulikataa, asikipate. Macho yake nayo yalikuwa yameanza kuchoka, na zile nyuso za kijani zilikuwa zinamtoa machozi. Ikatundikwa. Chini yake ilibandikwa stika ndogo ya kampuni ya mizigo, ndogo kweli, ya adabu. Ile kuukuu akapewa Mganda mmoja akaondoka nayo. Baada ya muda mdhamini alimletea Mzee kazi ya kushona sare za madereva wake, na kiti cha sponji kikapatikana cha kumkalisha mdhamini mwenyewe, maana kumkalisha juu ya jora ingekuwa aibu.

Sitaki kusema uongo: tulifurahi. Amerika ilikuwa nzuri sana pale ukutani. Tuliona hata jasho la maseneta. Watu wakaongezeka hadi wengine wakasimama nje, na kwa kuwa midahalo ya kule ilikuwa mirefu, na picha zilikuwa safi, mengineyo yakaanza kufinywa. Leo muda hautoshi, Mzee alisema. Wiki iliyofuata akasema tena. Hakuna aliyekaa chini akapanga jambo hilo, na mdhamini hakuomba chochote, angalau masikioni mwangu. Yalififia tu, kama rangi ya kitambaa kilichoachwa dirishani.

Gauni lilipokamilika, mwenzangu alilifunga katika boksi pamoja na udi, marashi na viatu, akalipeleka kwa mdhamini. Angempelekea nani mwingine? Mtu wetu, tunamwona kila Jumapili, stika yake iko ukutani kwa Ami. Aliambiwa boksi limeondoka. Kisha liko njiani. Kisha liko forodhani Mombasa. Kisha simu ikawa inaita tu. Harusi ilikuwa inakaribia, na ndugu zake walikwenda bandarini wakarudi mikono mitupu. Usiku hakulala, nilisikia kitanda chake cha juu kikilia kila alipojigeuza. Nilimwambia asimame kwenye mengineyo aseme. Akaniuliza, "Mengineyo yako wapi?"

Alijaribu. Jumapili moja aliinua mkono mwishoni mwa kikao, na Mzee, bila kumtazama machoni, akasema muda hautoshi. Nilitaka kupiga kelele. Nilikuwa nimemjua mzee yule akimkatiza kila mtu duniani kwa kila kosa, na sasa alikuwa anachezea kastabani yake, ile kofia ya chuma ya kidole, akitazama sakafu.

Jumapili iliyofuata ilikuwa ya mwisho kabla ya wiki ya harusi. Kwenye televisheni seneta mmoja alikuwa akimhoji mkubwa wa kampuni ya dawa kuhusu bei, na alimhoji kwa upole wa kutia kichefuchefu. Mzee alikuwa amechangamka. "Mtazameni," akasema, "amuuliza kama aliyekwenda kumtazama mgonjwa! Bado kidogo amnawishe mikono!" Tulicheka. Mdhamini, katika kiti chake cha sponji, alicheka kuliko wote.

Mwenzangu akainua mkono.

"Ami Spika, naomba nafasi."

"Kuhusu nini?" Mzee akauliza, sauti imekwisha kukauka.

"Kuhusu Amerika."

Mzee akashusha pumzi. Kuhusu Amerika hakuwa na njia ya kumnyima mtu. "Karibu, bibie."

Akasimama. Hakuwa na shanga mapajani siku hiyo, na mikono yake haikujua ikae wapi. "Huko Amerika kuna seneta mmoja," akaanza, taratibu, kwa ile sauti ya pwani inayoweza kukuchuna huku inakubembeleza. "Mtu mzima, msema kweli, watu wampenda. Alikula yamini hanywi chai ya mtu. Basi akaja bwana mmoja, hakuleta chai. Alileta kioo. Kioo kikubwa cha kutazamia dunia. Seneta akakitundika, na tangu siku hiyo aiona dunia yote vizuri, ila walio mbele yake hawaoni."

Mtu mmoja alicheka, kisha akajutia.

"Sasa kuna mwanamke mpiga kura wake. Ana mwana aolewa, na yeye hawezi kwenda. Ameshona nguo kwa mkono wake, akampa huyo bwana wa kioo aipeleke. Nguo haikufika. Kila akitaka kuuliza mbele ya watu, seneta amwambia muda hautoshi." Akamgeukia Mzee. "Mimi nauliza tu, Ami, nyinyi mjuao siasa za Amerika. Mwanamke huyo afanye nini?"

Kiyoyozi kilikuwa kinanguruma. Ukutani yule seneta mpole alikuwa bado anamshukuru mkubwa wa dawa kwa kupata muda wa kuja. Mdhamini alikuwa ameipata simu yake na anaisoma kwa bidii. Mimi nilimtazama Mzee, kwa sababu nilijua kwamba akisema neno moja la kumnyamazisha, sitarudi tena, na nilijua pia kwamba sina pengine pa kwenda Jumapili.

Mzee aliizungusha kastabani kidoleni. "Huyo seneta," akauliza hatimaye, "ni wa chama gani?"

"Chama cha mafundi," mwenzangu akajibu.

Mlango ulikuwa wazi, na nina hakika kicheko kilichotutoka kilisikika mpaka kwa wauza vitambaa. Mzee hakucheka. Alisimama, akafungua mtoto wa meza ya cherehani, akatoa bisibisi. Akapanda juu ya meza ya kukatia, yeye na magoti yake mabovu, akaanza kufungua skrubu za televisheni huku seneta bado anazungumza.

"Mzee, hizi si ni stori za Amerika tu?" mdhamini akasema, akiinuka nusu. "Yalla, tuendelee, watu wanaangalia."

"Ni za Amerika," Mzee akasema bila kugeuka. "Bwana mkubwa, hisani yako naishukuru. Nirudishie baraza langu, nikurudishie kioo chako. Nyinyi vijana mmeduwaa nini? Nishikieni, litaniua!"

Ilipokwisha kuwekwa sakafuni, imegeuzwa uso ukutani, akashuka, akajifuta vumbi, akasema neno ambalo hatukuwa tumelisikia siku nyingi. "Mengineyo."

Mwenzangu alisimama mara ya pili, na safari hii hakufumba. Alilia katikati, akaendelea. Mdhamini alijaribu kujibu kwa maneno yake ya siku zote, njiani, forodhani, lakini mbele ya watu wote wale maneno hayakwenda mbali. Ikabainika kwamba boksi halijaondoka Dubai. Lilikuwa ndani ya kontena kule Jebel Ali, likingoja kontena lijae, na biashara ilikuwa mbaya, kontena halijai. Majuma yote yale, nilipokuwa nikilinda ghala langu, gauni lilikuwa huko huko Jebel Ali nami. Wengine wawili wakasimama wakasema na mizigo yao ni vivyo hivyo. "Khalas," mdhamini akasema, ameinua viganja. "Khalas, nitalitoa." Namshukuru kwa hilo moja: alilitoa. Mpishi mmoja wa Kilifi aliyekuwa akienda likizo alilibeba gauni kwenye mzigo wake wa mkononi, amelikumbatia ndege nzima kama mtoto wa mtu.

Siku ya kupamba mwenzangu hakuona kitu. Katika shughuli za wanawake Mombasa simu hukusanywa mlangoni ili bibi zetu wasije wakasambazwa dunia nzima, na ni desturi nzuri, lakini siku hiyo niliilaani. Dadake alificha simu ndani ya mkoba, haioni, inasikia tu. Tulikaa kwenye kitanda changu cha chini, simu katikati yetu, tukisikiliza ngoma, vyombo, watoto. Ghafla ukumbi ulinyamaza, kisha vikapanda vigelegele visivyo na mwisho, na mwanamke mmoja karibu na mkoba akasema, "Mtumee! Tazama kijani hicho!" Mwenzangu alijifunika uso kwa kanga. Tulipomwendea Mzee kumpa habari, hakuuliza lolote ila moja: "Lilimkaa mabegani?"

Mzee hakuwa malaika. Kazi ya sare za madereva ilikwenda kwa fundi mwingine, na alinung'unika juu ya hilo miezi mingi, akanilaumu hata mimi, ambaye sikuwa nimesema kitu. Nusu ya watu hawakurudi. Walikuwa wamefuata picha. Waliobaki tulikaa mbele ya ukuta wenye matundu ya skrubu, mmoja akishika simu juu ili wote tusikie, na tulibishana vilevile. Mengineyo yaliwekwa mwanzoni mwa kikao, na Amerika ikasubiri zamu yake.

Sasa hayo yamekwisha. Kodi za mtaa ule zilipanda, duka likawa la vioo vya simu, na Mzee akahamia Maskati kwa bintiye. Mwenzangu alirudi Mombasa kulea mjukuu. Mimi nimepandishwa cheo, nakaa mapokezi katika jengo la ofisi kule Silicon Oasis, kwenye kiti kinachozunguka, na sare yangu inanikaa. Nimezikumbuka Jumapili zile hadi mwili ukauma. Mzee bado hunitumia sauti kwenye simu akitabiri chaguzi za Amerika, na bado hukosea, nami humjibu kwa Kiswahili changu cha bara kwa makusudi, ili nimsikie akigomba.

Wakati wa chakula cha mchana mimi hutazama siasa zao peke yangu, kwenye kioo kidogo, kikombe cha karaki niliyojinunulia kando yangu. Humwona seneta akiulizwa nani anayemlipia matangazo yake, na humsikia akijibu vizuri, kwa utulivu, mikono ameikunja mezani. Wenzangu ofisini husema wote ni wale wale, hawabadiliki. Mimi nimeshamwona mmoja akibadilika, amepanda juu ya meza ya kukatia na magoti yake mabovu, kwa hiyo kila mara huendelea kuitazama mikono ile mpaka mwisho wa kipindi, nione kama kuna hata mmoja atakayeomba bisibisi.